Mvua Imebadilika: Tujue Chanzo, Tujue la Kufanya

(Mazungumzo ya kusomwa kwa sauti katika vikundi vya wasomaji)



Mazungumzo haya yameandikwa yasomwe kwa sauti. Anayesoma vizuri awasomee wenzake polepole, darasani au chini ya mti. Mkimaliza sehemu moja, simameni kwanza, mzungumze, halafu mwendelee. Mwishoni tumeweka maswali.

Kazi ya namna hii si ngeni kwetu. Mwaka 1973 watu kama milioni 2 walikaa vikundi vikundi, wakasikiliza redio na kusoma vitabu vya Mtu ni Afya. Walipomaliza somo walishika majembe wakachimba vyoo. Mwaka 1980 likaja somo la Misitu ni Mali. Leo tunazungumza juu ya joto na mvua. Somo hili nalo lina jembe lake.

NENO LENYEWE

Redioni na mikutanoni tunasikia maneno "mabadiliko ya tabianchi". Wengine huyaacha yapite, maana ni maneno magumu. Hebu tuyapasue tuone punje yake.

Hali ya hewa ni jambo la leo au la wiki hii. Leo mvua, kesho jua, keshokutwa upepo. Tabianchi ni desturi ya nchi kwa miaka mingi. Wataalamu huipima kwa miaka 30 au zaidi.

Chukua mfano wa jirani yako. Akikugombeza siku moja huwezi kusema huyu mtu ni mkali. Huenda ameamka na jino linamuuma. Lakini ukikaa naye miaka 30 unaijua tabia yake. Nchi nayo ni hivyo hivyo. Ukame wa mwaka mmoja hautoshi kusema tabianchi imebadilika. Njaa na mafuriko vilikuwapo hata enzi za babu zetu. Lakini vipimo vya miaka mingi, kutoka kila pembe ya dunia, vikisema neno lile lile, basi tabia yenyewe imebadilika.

Vipimo vinasema nini? Vinasema dunia imeongezeka joto kwa zaidi ya nyuzi 1, ukilinganisha na miaka ya 1850 hadi 1900. Mwaka 2024 ulipita miaka yote iliyotangulia kwa joto, tangu watu waanze kupima.

Mtu atauliza: nyuzi 1 ni kitu gani? Basi afikirie mwili wake. Mtu mzima mwenye afya ana joto la nyuzi kama 37. Likifika 39 amelala kitandani, hawezi kushika jembe. Nyuzi 2 tu zimemwangusha. Dunia nayo ina kipimo chake.

Alama nyingine inaonekana kwa macho, juu ya Kilimanjaro. Kati ya mwaka 1912 na mwaka 2011, zaidi ya sehemu 8 kati ya 10 za barafu ya mlima ule zilikwisha. Joto la dunia na ukavu wa hewa ya huko juu vimeila barafu hiyo. Wazee wa Uchagani waliokuwa wakiona weupe mkubwa toka utoto wao, leo wanawaonyesha wajukuu vipande.

BLANKETI LA DUNIA

Sasa tuulize: joto hili limetoka wapi?

Sote tunajua usiku wa mawingu na usiku wa nyota. Mwezi wa Juni au Julai, mbingu ikiwa nyeupe na nyota zikiwaka, baridi hupenya mpaka kwenye mifupa. Lakini usiku wenye mawingu mazito hauna baridi kali kama ule. Kwa nini? Mchana jua hupasha ardhi joto. Usiku ardhi hulirudisha joto hilo juu. Mawingu yakiwapo hulizuia, kama blanketi linavyozuia joto la mwili wako lisitoke. Mawingu yasipokuwapo, joto hukimbia moja kwa moja angani.

Katika hewa tunayovuta kuna kitu kingine kinachofanya kazi kama hiyo, usiku na mchana, mwaka mzima. Kinaitwa hewa ukaa. Neno hili linatokana na ukaa, kile kitu cheusi kilichomo kwenye mkaa. Hewa ukaa haionekani wala haina harufu. Wewe mwenyewe unaitoa puani kila unapopumua. Mti huivuta kupitia majani, ukajijengea shina na matawi. Ukiuchoma mti ule, au ukiozea chini, hewa ukaa hurudi angani.

Bila blanketi hili dunia ingeganda kwa baridi, tusingeweza kuishi. Kwa hiyo blanketi lenyewe si baya. Ubaya unaanza linapozidi unene. Mtu aliyejifunika blanketi moja hulala vizuri. Mwongezee la pili na la tatu, ataamka anatokwa jasho.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1856 mama mmoja wa Marekani, Eunice Foote, alichukua mitungi miwili ya kioo. Mmoja aliutia hewa ya kawaida, wa pili akautia hewa ukaa. Akaweka kipimajoto ndani ya kila mmoja, akaianika juani. Ule wa hewa ukaa ulipata joto zaidi. Alipoutoa juani ulichelewa sana kupoa. Miaka 3 baadaye, huko Uingereza, John Tyndall alipima kwa vyombo vyake. Akaona kwamba hewa ukaa hunasa joto, ikalizuia lisipite.

MOSHI UMETOKA WAPI?

Sasa blanketi limezidi vipi?

Zamani sana, kabla ya kuwapo binadamu, misitu mikubwa ilianguka kwenye mabwawa ikafukiwa na udongo. Ikakaa chini mamilioni ya miaka, ikageuka makaa ya mawe. Mafuta na gesi navyo vilitokana na viumbe wadogo wa majini waliofukiwa vivyo hivyo. Hewa ukaa yote waliyokuwa nayo ikafungiwa chini ya ardhi, kama nafaka kwenye ghala lililofungwa kufuli.

Miaka mia mbili na zaidi iliyopita, nchi za Ulaya zilianza kuchimba makaa hayo na kuyachoma kwa wingi, kuendesha mashine za viwanda, meli na treni. Baadaye Marekani nayo, halafu nchi nyingine. Mafuta yakafuata, yakaendesha magari na ndege. Ghala lililojazwa kwa mamilioni ya miaka likafunguliwa, likaanza kumwagwa angani.

Hesabu yake ni hii. Tuseme unazo punje milioni moja za ulezi. Zote pamoja ndizo hewa. Kabla ya viwanda, punje 280 kati ya hizo milioni moja zilikuwa hewa ukaa. Leo ni zaidi ya 420. Tangu mwaka 1958 hewa hii inapimwa juu ya mlima wa Mauna Loa, katika visiwa vya Hawaii. Kazi hiyo aliianzisha Charles Keeling. Mwaka hadi mwaka kipimo kinapanda.

Utasema, punje 420 katika milioni ni kidogo mno, zitafanya nini? Lakini mpishi anajua. Pilipili moja ndogo hubadilisha sufuria zima la mchuzi.

Jambo lingine la kukumbuka: hewa ukaa haiondoki upesi. Sehemu yake kubwa hukaa angani mamia ya miaka. Iliyotoka kwenye viwanda vya enzi za babu wa babu zetu bado inatufunika leo. Zipo hewa nyingine pia zinazozuia joto, kama ile inayotoka tumboni mwa ng'ombe na kwenye majaruba ya mpunga. Lakini kati ya zile zinazoongezwa na binadamu, hewa ukaa ndiyo kubwa kuliko zote.

MBONA UKAME NA MAFURIKO VYOTE VIPO?

Hapa wengi wanachanganyikiwa. Wanasema: "Mlituambia dunia inapata joto, itakauka. Mbona mwaka jana maji yalituchukulia kuku?"

Jibu liko kwenye kamba ya kuanikia nguo. Nguo iliyoloa hukauka upesi siku ya jua kali, siku ya baridi hukawia. Maji ya nguo yamekwenda wapi? Yameingia hewani. Hewa yenye joto hubeba maji mengi kuliko hewa baridi. Kila nyuzi 1 ya joto inapoongezeka, hewa inaweza kubeba maji zaidi kwa kadiri ya 7 katika kila 100.

Sasa hewa ni kama mtungi uliokuwa mdogo ukawa mkubwa. Mtungi mkubwa unachelewa kujaa. Wakati unajaa unachota maji kwenye udongo wako, kwenye lambo lako na kwenye majani ya mahindi yako. Huo ndio ukame unaouma zaidi. Na siku mtungi huo ukipinduka, unamwaga maji mengi kwa mara moja. Ndiyo mvua ya saa mbili inayobeba daraja. Ukame na mafuriko ni watoto wa mama mmoja.

Tumeyaona. Mwishoni mwa mwaka 2019 Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kuliko kawaida. Mvua kubwa zikanyesha Afrika Mashariki. Mwezi wa Mei mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda kupita alama ya mwaka 1964, na maji yakaingia nyumba na mashamba ya pembezoni. Haikupita miaka miwili, huko Simanjiro na Longido mifugo mingi ikafa kwa kukosa malisho na maji. Wenzetu wa kaskazini ya Kenya, Somalia na Ethiopia walikosa mvua misimu 5 mfululizo, toka mwishoni mwa 2020 hadi 2022.

Hatusemi kila mvua kubwa na kila jua kali limeletwa na hewa ukaa. Tunasema blanketi likizidi unene, mambo hayo huja mara nyingi zaidi na kwa nguvu zaidi.

NANI ALAUMIWE?

Sehemu hii tunaomba isomwe mara mbili.

Mvua ikikosekana watu hutafuta wa kulaumu. Katika baadhi ya sehemu za nchi yetu wazee, hasa akina mama, wameuawa kwa kusingiziwa uchawi. Mvua haikunyesha, au mtoto amekufa, basi anatafutwa bibi mwenye macho mekundu. Ndugu zetu, macho yale yamekuwa mekundu kwa kupuliza moto wa kuni na samadi miaka 50, akiwapikia watoto wa watu. Mvua haikufungwa na bibi. Kikundi kilichosoma mazungumzo haya hakina budi kumlinda mzee wa namna hiyo. Uvumi ukianza, semeni wazi mkutanoni, na mpeni habari mwenyekiti wa kijiji na polisi kabla damu haijamwagika.

Lawama nyingine inamwangukia mkulima. Anaambiwa: "Ninyi mmekata miti, ninyi mmeharibu hali ya hewa ya dunia." Hebu tupige hesabu. Ukichukua sehemu 10 za hewa ukaa ambazo binadamu wanatoa, karibu 9 zinatoka kwenye makaa ya mawe, mafuta, gesi na viwanda vya saruji. Kama 1 hivi ndiyo inayotoka kwenye kukata na kuchoma misitu na kugeuza ardhi, dunia nzima.

Hewa nayo ina uzito. Tuipime kwa magunia ya kilo 100, tukihesabu ile inayotokana na makaa, mafuta na gesi. Kwa mwaka mmoja, ukigawanya sawasawa, kila Mmarekani hutoa magunia kama 140. Kila Mtanzania hafikishi magunia 5. Afrika nzima, pamoja na wingi wa watu wake, hutoa kama sehemu 4 tu katika kila 100 za dunia.

Kwa hiyo mkulima wa Dodoma au Shinyanga hakuishonea dunia blanketi. Lakini yeye ndiye anayetokwa jasho wa kwanza, maana ghala lake linategemea mvua.

Je, basi tukate miti ovyo kwa kuwa hatukulitengeneza tatizo? Hasha! Mti wa kijiji una kazi yake papa hapa. Unashika udongo, unaficha maji chini, unatupa kivuli, kuni, dawa na malisho. Mlima ukiachwa uchi, mvua kubwa itauleta wote mlangoni kwetu. Tunatunza miti kwa faida yetu wenyewe. Na tusidanganywe kwamba tukipanda miche 100 leo mvua itanyesha Jumamosi.

KAZI YETU KIJIJINI

Wataalamu husema kuna kazi mbili. Moja ni kupunguza hewa ukaa. Hiyo ni kazi kubwa ya wenye viwanda. Ya pili ni kuhimili, yaani kujipanga ili joto na mvua mbaya zisitumalize. Hii ndiyo yetu kwanza. Tunataja mambo 5.

1. Tukamate maji shambani. Mvua zikija kwa fujo, nyingi hukimbilia korongoni. Chimbeni makinga maji kwa kukata mteremko. Ukirusha udongo upande wa juu unapata tuta linalozuia maji na kubakiza rutuba.

Katika kijiji cha Chololo, mkoa wa Dodoma, mkulima mmoja alianzisha njia ya mashimo, nayo imekwenda mbali. Shimo lina upana wa sentimita kama 22, yaani shubiri moja hivi, na kina cha sentimita 30, urefu wa rula ya shule. Toka shimo hadi shimo ni sentimita 60, toka mstari hadi mstari ni 90. Mistari hufuata kingo za mteremko. Udongo unaotoka unazungushiwa shimo kama ukingo. Ndani tia majivu ya kufukuza mchwa, samadi na mabua, kisha rudisha udongo bila kulijaza shimo, ili maji yapate pa kutuama. Panda mbegu moja au mbili za mtama, uwele au mahindi. Jua likikaza, shina lile lina akiba ya maji chini yake. Kazi ya kuchimba ni ngumu, hatufichi. Anza na kipande kidogo mwaka huu, mwakani ongeza.

2. Tusiweke mayai yote kwenye kapu la mahindi. Mahindi yakikosa mvua wakati wa kutoa mbelewele, hayana msamaha. Mtama, uwele, mihogo na kunde huvumilia. Kila nyumba ya sehemu kavu iwe na shamba la mazao hayo. Mbegu za muda mfupi nazo zipo. Muulizeni bwana shamba au bibi shamba ni ipi inafaa udongo wenu.

3. Tufufue miti iliyolala. Kupanda miche kwenye nchi kavu ni taabu, maana mingi hufa kwa kiu na mbuzi. Lakini ardhini mna visiki vyenye mizizi hai. Njia hii inaitwa Kisiki Hai, na huko Dodoma imeenea. Chagua kisiki kinachochipua. Bakiza machipukizi machache yaliyonyooka, mengine pogoa. Funga kitambaa kiwe alama ili wote wajue unakitunza. Linda. Halafu mfundishe jirani. Mizizi iko tayari chini, kwa hiyo mti hukua upesi.

Wasukuma wana ngitili, yaani sehemu inayofungwa wakati wa masika ili majani yabaki kwa ajili ya kiangazi. Mkoa wa Shinyanga ulikuwa umebaki mtupu. Miti ilifyekwa enzi za mkoloni ili kuua mbung'o, mashamba ya pamba yakafuata. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Wananchi wakarudisha ngitili zao kwa sheria zao za kimila. Miaka isiyofika 20 baadaye, zilikuwa zimepita hekta 300,000. Ng'ombe wakapata majani, mama akapata kuni karibu, nyuki wakarudi. Hawakungoja mtu toka mbali aje kuwapandia.

4. Tusikilize utabiri na kuuelewa. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza mvua za vuli, za masika na zile za msimu kabla hazijaanza. Redio husema "wastani", "juu ya wastani" au "chini ya wastani". Wastani ni nini? Chukua mvua ya miaka 30, ijumlishe, igawe kwa 30. Hicho ndicho kipimo cha kawaida cha mahali penu. Ukisikia "chini ya wastani", ongeza mtama, usiuze chakula chote, na mfugaji apunguze mifugo mapema ingali na mwili. Ukisikia "juu ya wastani", zibua mifereji, usijenge wala usilale bondeni. Utabiri unaweza kukosea, kama hata zile alama za wazee wetu, ndege na maua ya miti, zinavyokosea siku hizi. Lakini mwenye alama mbili hushinda asiye na hata moja. Kikundi kimteue mtu mmoja wa kusikiliza na kuandika ubaoni.

5. Tubadili jiko. Moto wa mafiga matatu hupoteza joto nyingi pembeni. Jiko la udongo lililofinyangwa vizuri hula kuni chache, na moshi wake ni mdogo. Mwaka 2024 serikali ilitoa mkakati wa nishati safi ya kupikia. Lengo lake ni kwamba mwaka 2034 watu 80 kati ya 100 wapikie nishati safi. Hapo akina mama watapona macho na vifua, na msitu utapumua.

MKATABA USIOSOMWA

Siku hizi kuna biashara mpya. Kampuni za mbali zinalipa vijiji ili vitunze misitu, kwa kuwa miti huvuta hewa ukaa. Biashara hii si uongo. Katika wilaya ya Tanganyika, mkoa wa Katavi, vijiji vimelipwa kwa kuhifadhi misitu yao, na fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati. Serikali ilitunga kanuni za biashara hii mwaka 2022.

Lakini, ndugu zetu, hapa ndipo kisomo chenu kinapotakiwa. Kabla kijiji hakijatia sahihi, mkataba usomwe kwa Kiswahili, mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, mstari kwa mstari. Ulizeni: Ni wa miaka mingapi? Kijiji kinapata shilingi ngapi katika kila 100? Tutaruhusiwa kuchunga, kurina asali na kuokota kuni? Nani atashika hesabu? Tukitaka kutoka, tunatokaje? Mtu akikuambia "tia tu sahihi, mengine tutaeleza baadaye", mrudishie kalamu yake.

KAZI YA WENYE MOSHI

Tukifanya hayo yote matano, bado blanketi litaendelea kunenepa kama wenye kulitengeneza hawataacha. Mwaka 2015, mjini Paris, karibu nchi zote za dunia zilikubaliana kuzuia joto lisizidi nyuzi 2, na kujitahidi lisipite nyuzi 1.5. Mwaka 2024, kwa kipimo cha mwaka mmoja, dunia ilivuka hiyo nyuzi 1.5. Kwa hiyo muda ni mfupi.

Njia ipo. Umeme wa jua na wa upepo hauchomi makaa. Kati ya mwaka 2010 na 2019 gharama ya umeme wa jua duniani ilishuka kwa zaidi ya sehemu 8 kati ya 10. Hata kwetu vijijini taa ya sola imeshaifukuza koroboi katika nyumba nyingi. Kila nyuzi inayozuiwa, hata robo ya nyuzi, ni msimu wa mavuno uliookolewa mahali fulani.

Mwaka 2022, kwenye mkutano wa Sharm el-Sheikh nchini Misri, nchi zilikubali kuanzisha mfuko wa kuzisaidia nchi maskini zinazoumizwa na mabadiliko haya. Ng'ombe wa jirani akila shamba lako, jirani hulipa. Wazee wetu wa baraza wanaijua sheria hiyo, na haitakiwi kubadilika kwa sababu tu jirani ni tajiri na anakaa ng'ambo. Tuwaambie diwani na mbunge wetu: fedha za namna hiyo zikifika nchini, tunataka kuziona kwenye lambo, kwenye ghala na kwenye mbegu.

Ndugu zetu, masika hayatungoji tumalize kusoma. Jembe la makinga maji lishikwe sasa, ardhi ikiwa bado kavu.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Wazee wakumbuke: mvua za kwanza zilianza mwezi gani walipokuwa vijana? Siku hizi je? Andikeni majibu.
2. Elezeni kwa maneno yenu jinsi blanketi la dunia linavyofanya kazi.
3. Kwa nini ukame na mafuriko huitwa watoto wa mama mmoja?
4. Je, yupo mzee kijijini kwetu anayenung'unikiwa mvua inapokosekana? Tutamlindaje?
5. Katika yale mambo 5, tutaanza na lipi, kwa nani, na siku gani? Andikeni jina la msimamizi na tarehe.